Mkato wa Mshazari

6 Januari

Dada,

Salamu ninazo nyingi, lakini wewe hupenda mtu aingie moja kwa moja kwenye habari, basi naingia. Nyumba ya wageni imeuzwa. Mwenye nyumba mpya alikuja jana na kamba ya kupimia, akapima ua wote wa nyuma: vyumba vyetu viwili, tangi la maji, ukuta, hadi pale Mkaidi alipo. Anataka mahali pa kuegesha magari. Hakuwa mkali, hata alinipa pole ya Baba, akasema kama Baba alivyoitunza bustani ile hakuna atakayeweza tena. Kisha akanipa hadi mwisho wa Mei niwe nimehama.

Mimi kuhama sina neno. Cherehani ina miguu minne, mimi nina miwili, tutafika. Nimeshapata chumba ghorofani, juu ya duka la viatu, ila huko hakuna udongo hata wa kufukia sindano. Kinachoniuma ni Mkaidi, haibiskasi ya Baba. Unakumbuka alivyokaa miaka minne bila kutoa ua hata moja, Baba akambatiza jina hilo? Haibiskasi za watu hufunguka asubuhi na kusinyaa jioni ileile. Ua la Mkaidi hukaa siku mbili, rangi ya kiini cha yai, koo jekundu. Baba alimtengeneza mwenyewe, akihamisha chavua kwa brashi ya wanja aliyoiiba kwa Mama, na hakumpa mtu yeyote hata kijiti. Kwa hiyo duniani Mkaidi yupo mmoja tu, na huyo mmoja kabanwa kati ya ukuta na tangi. Nimejaribu kuchimba nimng'oe na mizizi yake. Nilikutana na zege.

Najua tangu Baba alipofariki mwaka jana hatujaandikiana. Na kwa simu mimi na wewe ni paka na panya, dakika ya pili mmoja ameshakata. Kwenye karatasi angalau kila mtu anamaliza sentensi yake. Niambie la kufanya. Wewe ni mtu wa miti, mimi ni mtu wa vitambaa.

Mdogo wako,
Kifungo


13 Januari

Kifungo,

Umetumia mstari mzima kuniambia kwamba hutanisalimu. Sijui nani alikufundisha kuandika, lakini kushona ulifundishwa vizuri.

Sikiliza. Kata vijiti ishirini. Unene wa penseli, urefu wa shubiri moja, kutoka matawi ya mwaka jana, siyo yale machanga ya kijani. Toa majani yote. Kata kama Baba alivyotufundisha, hilo sina haja ya kukueleza. Vifunge kwenye gazeti lililolowa, kisha mfuko wa plastiki, umpe dereva wa basi la Alhamisi. Nitakuwa stendi kabla basi halijazima injini.

Kitalu changu hapa hospitali kipo nyuma ya chumba cha kufulia. Mvuke wa mashuka hutoka dirishani kutwa nzima, na vipandikizi hudhani viko peponi. Hakuna kitu nilichokipanda pale kikakataa. Mkaidi hatakuwa wa kwanza.

Habari za Baba tusiziandike. Niliondoka miaka minane iliyopita kwa ugomvi, sawa. Aliniambia nikienda kutunza bustani ya watu na kuiacha yake nisitegemee kitu kwake, sawa. Miaka minne ya mwanzo aliniandikia, ingawa kwa kununa, kisha akaacha. Barua zangu kumi na saba hazikujibiwa. Mtu anayenyamaza hivyo anajua anachofanya, na mimi ujumbe niliupata. Lakini mti hauna kosa. Mti huu siuachi ufe, hata kama itabidi nije kukaa mbele ya tingatinga la huyo mwenye nyumba na ndoo yangu kichwani.

Dada yako


17 Januari

Dada,

Ishirini hivi hapa, kama ulivyoagiza. Nimekata kama Baba alivyonifundisha. Kila kijiti nilikipima mara mbili kabla ya kukata. Nimezoea kukata kitu ambacho nikikosea naweza kukishona.

Kifungo


2 Machi

Kifungo,

Vyote ishirini vimekufa. Vilianza kusinyaa, vikawa vyeusi, leo nimeving'oa vimekauka kabisa. Kwenye kitanda hichohicho, mchanga huohuo, bogonvilia zangu arobaini zimeota zote. Miaka yote niliyofanya kazi hii sijawahi kupoteza ishirini kwa ishirini.

Kwa hiyo nauliza. Ulivikata siku gani? Vilikaa wapi kabla ya basi? Viliachwa juani? Nimejiuliza kila swali, na moja limebaki, nitaliuliza hata kama litakuudhi. Wewe ulibaki na Baba, mimi sikuja hata mazikoni. Kama una kinyongo nitukane, nitakaa kimya na nitasikiliza. Usinitumie kuni.

Tunaanza upya. Tuma thelathini. Miezi mitatu inatosha, ukifanya kama nilivyosema.

Dada yako


10 Machi

Dada,

Kuni! Nilivikata saa kumi na mbili asubuhi na umande wake, nikavifunga kama mtoto mchanga, nikampa dereva mkononi, nikasimama stendi mpaka basi likapotea. Wateja watatu walinikuta duka limefungwa siku hiyo. Mmoja alikuwa bwana harusi, na suruali yake haikuwa na zipu.

Kinyongo ninacho, sikatai. Siku ya mazishi kila mtu aliniuliza, "Dada yako yuko wapi?" Nikasema umevunjika mguu. Uongo ukanishika, maana watu wa mtaa huu hawasahau. Mpaka leo mama wa duka la mkaa ananiuliza kama umeshatolewa plasta. Lakini kinyongo changu nakiweka kwako, Dada, sikiweki kwenye mti. Mti ule niliumwagilia mimi wewe ukiwa huko kwenye mvuke wako.

Vijiti thelathini hivi hapa. Mkaidi amebaki kama kuku aliyenyonyolewa. Na kuna habari mbaya: mwenye nyumba amerudisha siku nyuma. Siyo mwisho wa Mei tena, ni mwisho wa Aprili.

Kifungo


14 Aprili

Kifungo,

Niliyoandika kuhusu kuni nayafuta. Nilikosa. Soma yanayofuata ukiwa umekaa.

Ishirini na sita vimekufa. Leo asubuhi nilikuwa naving'oa, na kwenye vinne vilivyobaki nikaona kitu. Juu kabisa, kwenye ncha iliyo hewani, chini ya plastiki ninayoifunikia, kuna vivimbe vyeupe kama punje za mchele. Nilidhani ni ukungu. Nikavaa miwani. Ni mizizi, Kifungo. Mizizi inatafuta udongo angani. Nilivipanda vyote kichwa chini, miguu juu, na vile ishirini vya kwanza bila shaka niliviua hivyohivyo.

Sasa nieleze. Kijiti kisicho na majani kina juu na chini, ukikosea kinakufa. Ndiyo maana Baba alitufundisha mikato miwili: chini mshazari, juu bapa, ili ukikiokota ujue upande wa kuchomeka. Nilipopokea mzigo wako nikaona mshazari, nikachomeka mshazari. Hamsini! Kwa haraka, kwa kujiamini, bila kutazama kifundo hata kimoja, pale jicho la jani linapoelekea juu. Hilo ni kosa langu na nalimeza bila maji. Mwanafunzi wa wiki moja angetazama vifundo.

Lakini wewe umekata kinyume. Mshazari juu, bapa chini, vyote hamsini, hakuna hata kimoja kilichokosea njia. Mtu aliyesahau hukosea huku na huku. Wewe hukukosea, ulikata hivyo kwa makusudi. Ulisimama na Baba pale uani ukiwa na miaka saba, mkasi wa kupogolea ukiwa mkubwa kuliko mkono wako, na alikupiga kofi la kisogo ulipokata hivyo. Nilikuwepo. Kwa nini basi?

Vile vinne nimevigeuza, ingawa sivipi matumaini. Jibu kwa basi la kwanza, na utume kila kilichobaki mtini.

Dada yako


24 Aprili

Kifungo,

Siku kumi sijapata neno. Zimebaki sita. Vile vinne vimekufa.

Tuma vilivyobaki. Na ujibu swali.

Dada yako


27 Aprili

Kifungo,

Mzigo umefika, vijiti tisa, bila barua. Dereva ameniambia ulimkabidhi bila kusema kitu, na kwamba ulikuwa na vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi. Nimeelewa. Tingatinga limewahi, na hivi ndivyo vilivyobaki duniani.

Nimekaa navyo mapajani muda mrefu. Vyote vina mshazari upande mmoja, lakini umekata kwa njia ipi safari hii? Ya kwako, au umenihurumia ukakata ya kwangu? Ningeweza kwenda kwenye mwanga nikatazama vifundo kama mtu mwenye akili. Sijui kilichonipata, nikafumba macho. Nikapitisha kidole gumba kwenye kijiti. Kidole kikipanda kinateleza, kikishuka kinakwaruzwa na kovu la jani. Kijiti chenyewe kilinieleza juu ni wapi. Nikafanya hivyo kwa vyote tisa, macho yakiwa yamefumbwa, na mfuaji mashuka mmoja dirishani akaniuliza kama naumwa.

Mshazari uko juu. Hukubadilisha. Nimevipanda sawasawa, vyote tisa, na sasa hivi havina njia nyingine ila kuishi. Sitakuuliza tena kwa nini. Ukitaka kuniambia utaniambia.

Dada yako


4 Mei

Dada,

Barua yako ya tarehe 27 nimeisoma mara nne, hasa pale uliposema ulifumba macho. Ndivyo alivyokuwa akifanya. Kwa hiyo nakuambia, na kama ninavunja kiapo basi nakivunja.

Baba alikuwa haoni.

Ilianza mwaka uleule barua zake zilipokoma. Kwanza alikuwa anaandika nje ya mistari, akasema kalamu ni mbovu. Nikamnunulia nyingine. Kisha akawa anamwaga chai pembeni ya kikombe, akasema kikombe ni kidogo. Mwaka wa pili alikuwa anatofautisha mchana na usiku tu. Daktari alisema hakuna la kufanya, akamjibu daktari kwamba hata yeye anajua mti unapokuwa umeshachelewa.

Barua zako kumi na saba nilimsomea mimi, kila moja, nyingine mara tatu. Ile uliyoeleza jinsi mbuzi wa mlinzi alivyokula waridi za mganga mkuu aliitaka kila alipokuwa hana raha. Nilimwambia, "Nitajie majibu, mimi nitaandika." Akakataa. "Mwandiko wako ataujua. Atauliza, na akijua ataacha kazi arudi. Aliondoka kwa kugombana na mimi, asirudi kwa kunihurumia." Akaniapisha. Alipofariki nikaona kiapo ni kiapo hata kama aliyeniapisha hayupo. Ndiyo mimi huyo, fundi mzuri wa kufunga vifungo, kufungua sijui.

Sasa mkato. Wewe unasema mshazari uwe chini, na ni kweli, kwa mtu anayeona. Anautazama, anauchomeka, kwisha. Baba alihitaji alama baada ya kupanda. Asubuhi alikuwa anapiga magoti, anapitisha kiganja juu ya kitanda kizima, na kila kilichokuwa na mshazari alijua hiki ni changu, siyo gugu, siyo kigingi. Tena mshazari wote aliuelekeza mlangoni, ili akipoteza njia uani aviguse ajue nyumba iko wapi. Alinifundisha upya, na kofi la kisogo nikalipata tena, mtu mzima mimi, kwa kukata ile ya zamani. Ulipoandika "kama Baba alivyotufundisha", nilikata alivyonifundisha mwisho. Sikufikiri kabisa kwamba wewe na mimi tulikuwa na baba wawili.

Ulipouliza kwa nini, sikuwa na jibu lisilovunja kiapo, na uongo wa mguu umenitosha. Hivyo nikanyamaza. Asubuhi ya tingatinga nilikata vile tisa vya mwisho. Nilitaka kukata ya kwako, mkono ukakataa. Wakati nafunga gazeti walikuwa wanaangusha tangi.

Ndani ya bahasha kuna karatasi. Niliikuta chini ya godoro lake. Alijaribu mwenyewe kukuandikia, mara moja, bila kunishirikisha. Mimi nimeshindwa kuisoma. Ni yako.

Kifungo


12 Mei

Kifungo,

Niliisoma barua yako nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nyuma ya chumba cha kufulia, na nilikaa hapo mpaka zamu ikabadilishwa.

Karatasi ya Baba nimeiweka kwenye kioo cha dirisha ili mwanga upite. Mistari minne au mitano ameiandika mmoja juu ya mwingine, yote mahali pamoja, haisomeki. Nimepata neno moja tu, la kwanza kabisa, kabla mistari haijapandana: "Mwanangu". Nilitaka kukuambia linanitosha. Halinitoshi. Nina hasira naye, nina hasira nawe, na mwenyewe sijipatii hata jina. Miaka mitatu niliamini nimefutwa, kumbe nilikuwa nasomwa mara tatu tatu. Na siku ya kumzika nikajikalisha chini kwa kiburi, nikisema mtu asiyenijibu nikamwangalie nini.

Lakini alinijua. Ningerudi. Ningeacha kazi wiki hiyohiyo na ningemlaumu maisha yangu yote. Hilo nalo nalimeza.

Basi. Nimelia mbali na kitalu, maana machozi yana chumvi na vijiti havihitaji chumvi. Viko tisa. Kila asubuhi nafunua plastiki, nafumba macho, napitisha kiganja. Vyote vimeelekea mlangoni, niliving'oa nikavigeuza upya ili vielekee. Najua haishauriwi kusumbua kipandikizi. Nimevisumbua mara moja tu na sitarudia.

Mkaidi hafi mikononi mwangu. Nakuandikia hilo kwa kalamu na sitalifuta.

Dada yako


18 Agosti

Kifungo,

Sita vimekufa. Vitatu vina majani.

Sikukuandikia mapema kwa sababu nilikuwa naogopa kusema kitu kikasikika. Mwezi wa sita kulikuwa na wiki moja nilidhani vyote vimekwenda. Nilimwambia mganga mkuu nahamishia kitanda changu cha kulala kule nyuma, akacheka, akaacha kucheka aliponiona naburuta godoro. Sasa vina majani manane, kumi na moja, na kumi na manne. Nimevihesabu leo kwa vidole.

Kimoja kinakuja kwako kwa basi la Alhamisi, ndani ya kopo la rangi. Kiweke dirisha la mashariki. Usikizamishe maji, wewe humwagilia kama unazima moto. Hiki cha majani manane ni chako kwa sababu ndicho kilichochelewa kuliko vyote, na nimeona mnafanana.

Mambo mawili zaidi. La kwanza, hapa kitaluni kuanzia mwezi huu tunakata mshazari juu. Bwana mmoja aliyesomea chuo aliniletea kitabu, akanionyesha picha. Nikamwambia afumbe macho, apapase kitanda, anionyeshe vipandikizi vyake viko wapi. Alishika kigingi, akashika gugu, akashika kiatu changu. Kitabu amekirudisha kabatini.

La pili, Baba hakumpa mtu hata kijiti, na ona, nusura atoweke na choyo chake. Mimi nitagawa. Vikikomaa, kila anayetaka mwenye kopo na dirisha atapata, na nitamfundisha kukata. Kama Baba ana neno, anajua nilipo.

Likizo yangu ni Desemba. Nakuja kaburini. Mwambie mama wa duka la mkaa kwamba mguu umepona.

Dada yako


20 Novemba

Dada,

Nimemwambia. Amesema mguu uliochukua mwaka mzima kupona basi ulivunjika vibaya, na anataka kukuona unavyotembea. Ujiandae kuchechemea kidogo kwa heshima yangu.

Kopo liko dirishani, karibu na cherehani. Wiki iliyopita lilitoa tumba moja. Sikukuandikia, na mimi nimejifunza kuogopa kusema. Ua lilifunguka jana asubuhi, nikiwa napiga pasi, rangi ya kiini cha yai, koo jekundu. Jana jioni niliketi mbele yake nikingoja lisinyae. Nikalala.

Sasa ni saa kumi na moja jioni, siku ya pili. Nimefumba macho nimeligusa. Bado lipo.

Kifungo